Buhembe hadi Muleba na Koni ya Renatus

Nyie wa ofisi ya walimu mmenichosha. Kila nikishika kikombe cha chai, mmoja ananijia: "Mwalimu Adventina, kwani Muleba kulikuwaje? Tumesikia ulimwaibisha mdogo wako hadharani." Basi naandika mara moja, asome kila mtu, halafu niachwe ninywe chai yangu ikiwa bado ya moto.

Pikipiki yangu mnaijua, ya aina ile ile ya bodaboda. Mdogo wangu Renatus, kitinda mimba wetu, alikuwa fundi kwenye gereji moja mjini. Wiki mbili kabla ya likizo aliling'oa kwenye pikipiki hiyo chujio la hewa lililotoka nalo kiwandani, ile sponji iliyofichwa ndani ya kiboksi chini ya kiti, akafunga jingine la kununua: jekundu, la umbo la koni, limekaa nje wazi kama pambo. "Dada," akaniambia, "sasa injini inapumua." Na kweli, ilienda! Nilipanda kile kilima cha shuleni nikajisikia msichana. Mlio nao ulikuwa mkubwa hivi kwamba wanafunzi walikuwa wananyamaza kabla sijafika getini. Kwa hilo tu ningelinunua chujio hilo.

Renatus akavimba kichwa. Akaaga gereji, na hakuaga vizuri, kwa hiyo pale harudi. Akamalizia akiba yake yote kwenye katoni nzima ya hizo koni. Akapatana na kijiwe kimoja cha bodaboda Muleba kwamba Jumamosi saa nne asubuhi atawapelekea pikipiki ya mfano, na mwenye pikipiki, mwalimu wa fizikia, atasimama awaambie kama nguvu imeongezeka au la. Wakikubali, anaanza biashara yake pale pale. Wakikataa, kijana hana mbele wala nyuma.

"Wewe wakikusikia wewe tu, wameisha," aliniambia. Nami nikakubali. Likizo, nifanye nini kingine?

Buhembe hadi Kaagya

Ijumaa asubuhi tuliondoka Buhembe, na badala ya kwenda kusini kama watu wenye akili, tukaelekea kaskazini, Kaagya, nyumbani kwa mama. Hiyo ilikuwa amri ya shangazi Koleta. Yeye ameolewa Muleba tangu sijazaliwa, ndiko tulikokuwa tunakwenda kulala, na Jumamosi jioni jumuiya ya kanisa ilikuwa inasali kwake. Sasa kwetu, mnajua, mgeni wa heshima hakanyagi sakafu tupu. Nyumba inatandikwa nyasi laini, ndipo watu wanakaa. Nyasi Muleba zipo tele, lakini shangazi alipiga simu akasema za kule hazinukii. Anataka za rweya ya Kaagya, ule uwanda wa nyasi nyuma ya migomba, alikochunga mbuzi akiwa mtoto. Nani atambishia shangazi? Si mimi.

Mama alikuwa amezikata tangu juzi yake, amezianika, amezifunga matita mawili. Nilipoyaona nikashika kiuno.

"Mae, hii ni pikipiki, si lori."

"Koleta atalala na njaa, lakini hatakaribisha watu kwenye saruji tupu," mama akasema. "Bebeni."

Renatus akaiangalia koni yake, akayaangalia matita, akasema hakuna shida, mashine ina nguvu siku hizi. Akayafunga kwa mipira, moja kila upande, mimi nikakaa katikati magoti juu. Tita la kulia lililala juu ya koni kabisa. Nililiona kwa macho yangu haya mawili, nyasi kavu zimeligusa chujio lililo wazi. Mwalimu wa fizikia mzima, sikusema neno! Nilikuwa nawaza magoti yangu.

Jambo moja tu nilikuwa nimelisisitiza tangu Buhembe: chujio la zamani tulibebe. Renatus alinung'unika, lakini alilitia kwenye begi lake jinsi alivyolitoa, na vumbi lake lote.

Kaagya hadi Kemondo

Njia nzima watu walitupigia kelele. Hapo mjini Bukoba, muuza vocha alitaka kujua ng'ombe wetu ni wangapi. Mwingine akauliza kama tunauza, maana anatafuta za kujazia godoro. Renatus hakusikia hata mmoja, anasikiliza injini yake tu. Kila tukipita kwenye kundi la watu anavuta mafuta, koni inanguruma, watu wanageuka, naye anakaa wima kama anapigwa picha.

Kemondo tukasimama tule. Tukaagiza sato wa kukaanga na ndizi, na kabla sijanawa mikono, mama muuzaji alishachomoa nyasi zangu fungu zima akawa anafutia meza.

"Mama! Hizo ni za watu!"

"Si mmeleta za kufungia samaki?" akashangaa. "Yule wa jana si ndiye kawatuma?"

Yule wa jana ni nani, mpaka leo sijui. Tukaelezana, akaomba radhi, akaniongezea kipande cha samaki kufidia, yakaisha. Wakati huo Renatus alikuwa ameshakusanya wanaume kama sita kando ya pikipiki, anawaeleza habari za injini kupumua. Mmoja akauliza inapanda vipi mlima ikiwa na mzigo.

"Si unaona mzigo huo?" Renatus akajibu. "Mlima hauusikii."

Jamani, mdomo! Hatukumaliza hata kilomita tano, nikasikia pikipiki inakohoa.

Kilima cha Muhutwe

Mwanzoni ilikuwa kikohozi kidogo. Renatus akasema ni petroli chafu. Tulipoanza kukipanda kile kilima cha Muhutwe, ikawa gia ya tatu haivuti, ya pili haivuti, moshi mweusi unatoka nyuma, lori la mchanga linatupita dereva anatupungia mkono. Ya kwanza nayo ikakata roho. Kimya.

Nilishuka nikajinyoosha, nikazunguka upande wa kulia, nikalisukuma tita pembeni. Ile koni nyekundu sikuiona. Niliona kitu cha kahawia chenye manyoya. Vumbi la nyasi, mbegu, vijiti, vyote vimefyonzwa vikaganda pande zote, injini ilikuwa inavuta hewa kupitia godoro.

"Renatus," nikasema, "hebu njoo umwone mgonjwa wako."

Alikuja akasimama. Akaikung'uta, akaipuliza, akaikung'uta tena. Nami nikaanza kusema, na mkinijua mnajua nikianza huwa simalizi mapema. Nikamwambia wale waliotengeneza pikipiki hawakuwa wajinga kulificha chujio ndani ya boksi. Naye akaniambia mimi ndiye niliyekaa kati ya nyasi, ningeona. Na ni kweli, niliona! Ndiyo maana nilizidi kukasirika.

Uani kwa Ta Anselimu

Katikati ya maneno hayo alitokea mzee mmoja kutoka kwenye migomba kando ya barabara, fimbo mkononi. Baadaye tulimjua kwa jina, Ta Anselimu, yaani Baba Anselimu. Alikuwa anageuza kahawa aliyoianika uani akatusikia. Hakutuuliza kitu. Alisema tu, "Waitu, ndugu zangu, njooni kwanza mketi," akatangulia, nasi tukaisukuma pikipiki tukamfuata.

Alituketisha kwenye jamvi, mkewe akatuletea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, kama inavyompasa mgeni. Tukatafuna. Kisha mzee akamgeukia Renatus kwa sauti ya upole.

"Mwanangu, mwanamke ukimpakia juu ya nyasi kama mzigo wa sokoni, lazima anune. Mtafutie gari." Halafu akanigeukia mimi. "Na wewe mama, barabarani si mahali pa kumsema mume. Subiri mfike ndani."

Nilicheka mpaka kahawa ikanipalia. "Ta, huyu ni mdogo wangu! Nimembeba mgongoni huyu!"

Mzee akafikiri. "Basi ugomvi wenu ni mkubwa kuliko nilivyodhani," akasema. "Mke na mume hupatana."

Ilibidi nimweleze kisa chote. Ta Anselimu akasikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu, na ndilo lililotukalisha pale nusu siku nzima.

"Sasa hicho kipya mlikipima na kipi?"

"Na la zamani," Renatus akajibu haraka. "Lilikuwa limechoka, pikipiki ilikuwa haivuti."

"Lilikuwa limeoshwa?"

Renatus akalitazama begi lake. Hilo ni swali la kidato cha kwanza. Ukitaka kujua kitu kipya kina faida gani, hukilinganishi na cha zamani kilichoziba uchafu. Wiki mbili nzima nilikuwa naisifia koni darasani, swali hilo halikunipitia kichwani. Niliona aibu, tena mbele ya mtu wa kahawa.

"Twende tukapime," nikasema.

Tukashusha nyasi. Nikachagua kipande cha kilima kuanzia kwenye kalavati hadi nguzo ya umeme, nikasimama na simu yangu mahali ninapoviona vyote viwili. Renatus anakuja gia ya tatu, mafuta yote, mara tatu kwa kila chujio. Kwanza koni, tukiwa tumeisafisha vizuri. Pili lile la zamani jinsi lilivyo, na uchafu wake. Hilo lilichelewa waziwazi, hata bila simu ungeona. Renatus akapita pale nguzoni ananipungia mkono, meno yote nje.

"Umeona, dada? Umeona?"

"Bado la tatu."

La tatu lilikuwa lile lile la zamani, lakini limeoshwa. Mke wa Ta Anselimu alitupa beseni na sabuni. Maji ya kwanza yalitoka mekundu kama udongo wa barabara, ya pili hivyo hivyo, ya nne ndiyo yakaanza kueleweka. Tukaikamua sponji, tukaianika juani pembeni ya kahawa ya watu, tukasubiri. Ndipo tukaletewa ndizi na maharage, nzito, zina ile harufu ya majani ya mgomba, na nilikula kama sikuonja samaki Kemondo. Renatus hakula. Alikuwa anaenda kuigusa sponji kila dakika, na kila akiigusa mzee anamwambia, "Mpola, mpola. Jua halina haraka."

Ilipokauka, tukaipaka oili ya injini kidogo, tukaikamua, tukairudisha ndani ya boksi lake. Renatus akashuka mpaka kalavatini. Akaja mara ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Akazima injini akanijia, nikampa simu aangalie mwenyewe.

Hakuna tofauti, rafiki zangu. Chini ya sekunde moja, mara koni imetangulia, mara sponji, na hiyo ni kidole changu tu kuchelewa kubonyeza simu. Na pale kalavatini, akianza kutoka polepole, koni ndiyo iliyokuwa inasitasita kidogo kabla haijashika. Fundi wangu huyo akanieleza mwenyewe, kwa sauti ya chini, kwamba kabureta imepangwa kwa hewa ya boksi. Ukiongeza hewa bila kuongeza petroli, hujaongeza kitu.

"Lakini inanguruma," akasema.

"Inanguruma," nikakubali.

Muhutwe hadi Muleba

Tuliaga jua likiwa limeanza kulala. Ta Anselimu alitaka tuchukue mkungu wa ndizi, nikamwonyesha matita, akacheka akatuacha. Safari hii boksi lilikuwa limefungwa na nyasi hazikuwa na pa kuingia. Pikipiki ilitupeleka Muleba bila kukohoa hata mara moja, kimya kimya, kama ilivyokuwa zamani.

Shangazi Koleta alitupokea uani. Kabla hajatukumbatia alishika nyasi, akazisogeza puani, akafumba macho. "Eee, hizi ndizo," akasema, na aliposema hivyo nikasamehe magoti yangu. Kisha akahesabu kwa macho akauliza mbona tita moja limepungua. Nikamwambia amuulize mama muuza samaki wa Kemondo.

Wakati shangazi yuko jikoni, Renatus alikuja akakaa karibu nami.

"Dada. Kesho useme tu unavyopenda inavyonguruma. Si uongo huo."

"Wataniuliza nguvu, Renatus."

"Sema hujapima."

"Nimepima."

Akainamisha kichwa. "Katoni nzima, dada. Unajua nimeacha nini." Nilitaka kumwambia nitasema anachotaka. Kweli kabisa, nilitaka. Nilimlea mimi mama alipokuwa shambani, sijawahi kumnyima kitu nilichokuwa nacho. Nikasema tutaona kesho, nikaenda kumsaidia shangazi kumenya ndizi, na chakula hicho sikukisikia utamu.

Kijiweni

Saa nne kamili walikuwepo, wengi kuliko nilivyotarajia. Mwenyekiti wao, bwana Abdu, ni mtu mzima mtaratibu, kofia yake safi, hasemi sana. Renatus alikuwa amefunga koni upya alfajiri. Akawasha, akavuta mafuta, wakashangilia. Akaeleza hewa, akaeleza injini kupumua, na alieleza vizuri, nilijivunia hata hapo. Mmoja akampa mkono. Wawili watatu wakaanza kuchomoa pochi.

Bwana Abdu akanyanyua kidole. "Tuliambiwa kuna mwalimu."

Wakanipisha.

"Mwalimu, pikipiki ni yako. Vijana hawa wanalisha watoto kwa hizi mashine. Hiki kitu kinaongeza nguvu?"

Nilimwangalia Renatus. Naye aliniangalia moja kwa moja, wala hakunikonyeza, wala hakuomba.

"Hapana," nikasema. "Tulipima jana kilimani. Chujio lenu la kiwandani likiwa safi, ni sawa sawa na hili. Hili lina kelele zaidi, na liko wazi, linakula vumbi."

Wakaangua kicheko. Mnajua vijiwe! "Fundi, dada yako kakunyoa!" "Fundi, rudi gereji!" Pochi zikarudi mifukoni. Renatus akainama akaanza kufungua zile bolti, anaivua koni mbele yao. Nilitamani ardhi inimeze. Nikamsogelea, akanipa mgongo.

Watu wakaanza kutawanyika, na wakati anarudisha lile la kiwandani, kijana mmoja akachungulia. "Ndivyo linavyokuwa? Mbona langu haliko hivyo?" Renatus alienda kwenye pikipiki ya yule kijana, akafungua boksi. Ndani hamkuwa na sponji ya kiwandani. Kulikuwa na kipande cha sponji ya kuoshea vyombo, kimeoza. Wa pili akafunguliwa boksi lake, chujio jeusi tii, likamegeka mkononi. Wa tatu hakuwa na kitu kabisa, alilitoa ili pikipiki iwe nyepesi! Bwana Abdu akaja akashika ule weusi kwa vidole viwili akatikisa kichwa.

"Hili la pili limekwisha, unahitaji jipya," Renatus akasema. "Wenye mazima, yanaoshwa tu." Mwenye kibanda cha chai akamwazima beseni. Akaosha la kijana wa nne, lililokuwa bado zima, akaanika juu ya kiti. Likakauka, akafunga, mwenyewe akazunguka nayo mtaa mmoja akarudi anacheka peke yake. Hapo wakaanza kujipanga, si wengi, watano hivi. Mimi nilikaa kibandani na chai ambayo sikuinywa. Tangu saa nne Renatus hakuwa amenisemesha.

Karibu saa saba akaja mmoja aliyevaa miwani ya jua, pesa tayari mkononi. "Fundi, nipe koni. Mimi mambo ya nguvu sijali, nataka mlio tu."

Renatus alikuwa amechuchumaa, mikono imejaa povu. Katoni ilikuwa pale pale pembeni yake, imejaa. Alimwangalia yule kijana, akaziangalia zile pesa, kisha akaangalia tairi lake la nyuma.

"Sikuuzii, kaka," akasema. "Tairi lako limeisha, angalia, limekuwa kipara. Unabeba abiria. Kanunue tairi."

"We vipi? Si ndiyo biashara yako?"

"Sikuuzii."

Yule akaondoka anabwata. Mimi nikageuka upande wa soko nikajifanya naangalia mabasi, maana machozi yalikuwa yananitoka na sikutaka anione. Nilipogeuka tena alikuwa anajaribu kumwaga maji machafu kwa mkono mmoja, sponji ya mtu kwenye mkono wa pili, anashindwa.

"Dada," akaniita bila kuinua kichwa. "Njoo unishikie hili beseni."

Nikaenda nikalishika.